DVR inalia, rekodi za jana hazipo: ubadilishe diski au mashine nzima?

Swali limetoka kwa msomaji wa Morogoro. Nimelifupisha:

"Nina duka la vifaa vya ujenzi, kamera nane na DVR moja (mashine inayorekodi picha za kamera) yenye diski ya kuhifadhia (hard disk) ya TB 1. Imefungwa huu mwaka wa nne. Tangu wiki iliyopita mashine inalia pii, pii, na kwenye skrini yameandikwa 'HDD Error'. Kamera zote zinaonekana vizuri, hata kwenye simu naziona, lakini nikitafuta picha za jana sipati kitu. Mwisho wa mwezi tulipohesabu mali tulikuta nondo zimepungua, nami nataka kumjua aliyezitoa. Fundi aliyetufungia kamera anasema DVR imekufa, ninunue nyingine. Kijana wa duka la kompyuta ana diski ya GB 500 aliyoitoa kwenye kompyuta ya mezani, ananiuzia kwa bei ndogo. Nimsikilize nani? Na nikibadilisha, mipangilio ya kamera na ya simu itapotea?"

Dada yangu, pole kwa hasara hiyo. Nianze na lisiloweza kusubiri. Mwambie fundi, kijana wa kompyuta na kila mwenye ufunguo wa chumba hicho kwamba hakuna ruhusa ya kubonyeza "Format" wala "Initialize" kwenye DVR yako. Mafundi wengi wakikuta neno "Error" hukimbilia hapo, maana diski iliyochoka ikifomatiwa mara nyingine hunyamaza kwa siku chache na kazi huonekana imekwisha. Lakini kufomati kunafuta orodha ya rekodi zote zilizomo, na wewe bado unazihitaji.

Sasa swali lako kubwa. Usinunue DVR mpya. DVR ina kazi mbili zilizotengana. Ya kwanza ni kupokea picha kutoka kwenye kamera, kuzionyesha kwenye skrini na kuzituma kwenye simu, na hiyo ni kazi ya bodi ya kielektroniki iliyomo ndani. Ya pili ni kuziandika picha hizo kwenye diski. Kwako kamera nane zote zinaonekana, simu inaunganishwa, menyu inafunguka. Bodi iliyokufa haifanyi hayo. Ugonjwa uko upande wa kuhifadhi: ni diski yenyewe, au adapta inayoipa umeme, au waya unaoiunganisha na bodi. Tena kuna jambo ambalo huenda fundi wako hakulitaja: DVR nyingi madukani huuzwa tupu, bila diski ndani. Ukifuata ushauri wake utanunua mashine, halafu utarudi dukani kununua diski, ambayo bei yake mara nyingi hukaribia ya mashine yenyewe au kuipita.

Hili la picha kuonekana ndilo linalowaponza wenye maduka wengi, na ndiyo sababu nimeamua kukujibu kwa urefu. Watu huitazama skrini, wakaona mlango, kaunta na stoo vyote vinaonekana, wakaenda kulala na amani. Skrini hiyo haithibitishi kwamba kuna kinachohifadhiwa. Diski inaweza kuwa imeacha kuandika tangu mwezi uliopita, na picha za moja kwa moja zikaendelea kuwa safi vilevile. Kuna njia moja tu ya kujua kama unarekodi, nayo ni kuifungua rekodi ya jana na kuitazama.

Turudi kwenye nondo, na hapa tupige hesabu. Kamera iliyopangwa kutuma megabiti 2 kwa sekunde hutumia MB 900 kwa saa, yaani GB 21.6 kwa siku. Kamera nane ni GB 172.8 kwa siku. Diski yako ya TB 1 ina GB 1,000, kwa hiyo ikirekodi mfululizo usiku na mchana inabeba siku zisizotimia sita, kisha inaanza kufuta za zamani ili kuandika mpya. Maana yake ni kwamba hata diski hiyo ingekuwa nzima, picha za wizi wa wiki tatu zilizopita zingekwisha kufutwa zamani. Lakini kuharibika kwake kunaweza kuwa kumekusaidia kwa namna ambayo hukuitarajia: kama iliacha kuandika Jumatano fulani, basi kilichobaki ndani ni siku tano au sita zilizoitangulia Jumatano hiyo, na hazijafutwa na chochote. Kama fundi alipanga kamera zirekodi pale tu panapotokea mtu kutembea, siku zitakuwa nyingi zaidi, ingawa duka lililo kando ya barabara halipungui watu na nafuu yake si kubwa.

Kwa hiyo kaa mbele ya mashine, ingia sehemu ya "Playback", ufungue kalenda ya mwezi. DVR nyingi huzipaka rangi au kuziwekea alama tarehe zenye rekodi. Ziandike kwenye karatasi. Linganisha na siku unazoshuku nondo zilitoka: lini mzigo uliingia, lini mliuhesabu mara ya mwisho ukiwa kamili. Tarehe zikikutana, chomeka flashi kwenye tundu la USB la DVR na uhamishe vipande hivyo siku hiyohiyo, kamera moja baada ya nyingine, ukianza na ile ya stoo. Diski yenye ugonjwa huzidi kuchoka kila saa inapowaka, kwa hiyo usianze na kamera zisizokuhusu. Ukimaliza, izime.

Kalenda ikikataa kufunguka, au ikafunguka na rekodi ikakwama katikati, usiendelee kubonyeza. Zima mashine, toa diski, na umtafute mtu anayejua kunakili diski sekta kwa sekta (sekta ni vipande vidogo ambavyo diski imegawanywa) kwenda kwenye diski nyingine nzima yenye ukubwa uleule au zaidi. Muulize kama anaijua programu ya GNU ddrescue. Ni ya bure, hutumika kwenye Linux, na uzuri wake ni kwamba huchukua kwanza sehemu zote zinazosomeka bila taabu, kisha ndipo hurudi kuhangaika na zile mbovu. Picha zitafutwe kwenye nakala, si kwenye diski mgonjwa. Kijana atakayeichomeka moja kwa moja kwenye Windows ataona ujumbe unaomwambia diski haijulikani na inahitaji kufomatiwa. Akatae. Diski haina tatizo katika hilo. DVR nyingi huandika kwa mpangilio wao wenyewe ambao Windows haiuelewi.

Na kama diski inagonga, tik, tik, tik, halafu inasimama kuzunguka na kuanza upya, huenda vichwa vinavyosoma vimeharibika. Hiyo usiiwashe tena hata kidogo. Vichwa hivyo huelea juu ya sahani inayozunguka kwa mwanya mwembamba mno kuliko unene wa unywele, na vikishaanza kuikwaruza sahani, kila mzunguko unafuta kitu. Diski za namna hii hufunguliwa kwenye chumba kisicho na vumbi kabisa na wataalamu wa kuokoa data, na gharama yake inaweza kuzidi thamani ya nondo zenyewe. Uamuzi huo ni wako. Ila mtu akikushauri uiweke kwenye friza au uifungue kwa bisibisi muone kilichomo, mkatalie.

Ukipata picha na ukataka kwenda nazo polisi, ziache kama DVR ilivyozitoa, pamoja na tarehe na saa zilizoandikwa juu yake. Usizikate wala kuzipitisha WhatsApp kwanza, kwa kuwa hupunguza ubora na kubadilisha faili. Linganisha saa ya DVR na ya simu yako, uandike tofauti yake. Tanzania ushahidi wa kielektroniki unapokelewa mahakamani, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 katika kifungu cha 18 inataka kuangaliwa jinsi ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa na jinsi usahihi wake ulivyolindwa. Kwa hiyo andika nani alihamisha, siku gani, na flashi ilikaa kwa nani.

Hayo yakiisha, kabla hujatoa hela ya diski, hakikisha mwenye kosa ni diski. Nasisitiza hili kwa sababu adapta dhaifu huigiza ugonjwa wa diski barabara. Diski ya inchi 3.5 inapoanza kuzunguka hudai umeme mwingi kwa sekunde chache, karibu ampea 2 kwenye volti 12, kuliko inavyotumia ikishazoea mwendo. Adapta ya miaka minne iliyokaa kwenye joto, hata kama imeandikwa 12V 2A, inaweza kuonyesha volti 12 kamili kwenye mita ikiwa haijabebeshwa mzigo, kisha ikazama mara tu diski inapoanza. Dalili yake: DVR inajizima na kujiwasha, au diski inazunguka kidogo, inanyamaza, inajaribu tena. Fundi apime wakati mashine inawaka, si kabla. Ikishuka chini ya volti 11 pale diski inapoanza, adapta haifai. Badilisha kwa yenye volti zilezile 12 na ampea nyingi zaidi. Ampea zikizidi hazidhuru, volti zikizidi zinaunguza. Waya nao: chomoa ule mwembamba wa data na ule wa umeme, ukague kama kuna kutu au pini iliyoinama, vichomekwe upya, na ikiwezekana ujaribu waya mwingine. Kama DVR ina matundu mawili ya data kwenye bodi, hamia la pili.

Usisahau pia saa ya mashine. Kwenye bodi kuna betri ya duara, mara nyingi CR2032, ileile inayotumika kwenye kompyuta za mezani. Ikiisha, kila umeme ukikatika DVR hurudi kwenye tarehe ya miaka ya nyuma kabisa, na rekodi zako za jana zinakuwa zimehifadhiwa chini ya tarehe ambayo hutaitafuta kamwe. Kwako neno "HDD Error" limejitokeza, kwa hiyo sidhani kwamba ndiyo shida yako, lakini kwa kuwa mfuniko utafunguliwa, betri ni rahisi, ibadilishwe palepale.

Baada ya hayo, fungua ukurasa wa S.M.A.R.T. kwenye menyu ya diski, kama DVR yako inao. Ni diski yenyewe inayojieleza hali yake. Angalia mstari namba 5, sekta zilizohamishwa, na mstari namba 197, sekta zinazosubiri kuamuliwa. Kwenye diski nzima zote mbili ni sifuri. Namba 197 ikiwa na mamia, au ikipanda kati ya leo na kesho, hakuna mjadala tena, diski imekwisha.

Hapo tunamfikia kijana wa kompyuta na GB 500 zake. Mshukuru, usinunue. Sababu ya kwanza umekwisha iona: kwa GB 172.8 kila siku, GB 500 hazifiki siku tatu. Utafunga Ijumaa, na ukigundua jambo Jumatano huna picha. Sababu ya pili ni ya ndani zaidi. Diski ya kompyuta ya mezani imetengenezwa kwa mtu anayewasha asubuhi, anaandika barua, anafungua faili mbili tatu, anazima jioni. Mwaka una saa 8,760. Seagate katika maelezo ya Barracuda, ambayo ni diski yao ya kompyuta za mezani, wanaipangia saa 2,400 kwa mwaka na mzigo wa TB 55 kwa mwaka. Kamera zako nane, kwa hesabu yetu ileile, zinaandika TB 63 kwa mwaka. Umeshapita kikomo kabla hata hujaongeza ubora wa picha. Diski za kamera, kama SkyHawk ya Seagate na Purple ya Western Digital, zimepangiwa kuwaka saa zote 8,760 na kubeba TB 180 kwa mwaka, na dhamana yake ni miaka mitatu.

Tofauti nyingine iko kwenye tabia. Diski ya kompyuta ikikuta sekta mbovu hung'ang'ania kuisoma kwa muda mrefu, kwa kuwa kwenye hati ya ofisi herufi moja ikipotea ni hasara. Diski ya kamera hupita haraka, kwani ikisimama kuhangaika, picha za kamera nane zinaendelea kumiminika na hakuna pa kuziweka. Punje chache za picha zikipotea si kitu. Sekunde kadhaa zikipotea, hapo ndipo mtu anapobeba nondo. Kwa hiyo ukisikia muuzaji anasema "diski ni diski tu", huyo hajui anachokiuza. Kama kweli huna fedha wiki hii, GB 500 hiyo unaweza kuiazima iwe kiraka cha siku chache wakati diski yako inakwenda kuokolewa picha. Kuinunua, hapana.

Ukubwa ninaokushauri ni TB 4, kama DVR yako inaukubali. Utapata siku 23 za kurekodi mfululizo kwa mpangilio huu wa sasa, na kwa duka linalohesabu mali mwisho wa mwezi siku hizo ndizo zinazokaribia haja yako. Ukiweza kuhesabu stoo kila baada ya wiki mbili, TB 4 inakutosha bila wasiwasi. Kikomo cha DVR kimeandikwa kwenye kitabu chake au kwenye ukurasa wa modeli hiyo kwenye tovuti ya mtengenezaji. Jina la modeli liko kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya mashine. DVR za zamani sana haziwezi kuvuka TB 2, kwa sababu namba zake za kuhesabia sekta huishia hapo, na diski kubwa zaidi ndani yake huonekana ndogo au haionekani kabisa. Pia angalia kama DVR yako inajua H.265, njia mpya zaidi ya kubana picha kuliko H.264. Kamera za waya wa koaksi hubanwa picha ndani ya DVR yenyewe, kwa hiyo ukihama kutoka H.264 kwenda H.265 na kushusha megabiti, unaweza kupata karibu siku mara mbili kwenye diski ileile bila kununua kitu.

Ununue wapi? Iwe Morogoro au umuagize mtu Kariakoo, dai risiti yenye namba ya utambulisho wa diski na maandishi ya dhamana. Soko la diski limeingiliwa na zilizotumika zinazosafishwa na kufungwa upya kama mpya. Hata Ulaya yamewakuta: mwanzoni mwa 2025 jarida la Heise la Ujerumani lilifichua kwamba wateja wengi walikuwa wameuziwa diski za Seagate kama mpya kumbe zilishatumika kwa maelfu ya saa, na kumbukumbu zake za S.M.A.R.T. zilikuwa zimerudishwa sifuri na wauzaji wasiojulikana. Kwa hiyo kabla ya kulipa, igeuze diski uangalie meno ya dhahabu ya kuchomekea: ya diski mpya hayana mikwaruzo. Matundu ya skrubu yasiwe na alama za kufungwa na kufunguliwa. Ingiza namba ya utambulisho kwenye tovuti ya mtengenezaji, sehemu ya dhamana, uone kama bado inahesabiwa na inaisha lini. Diski "mpya" ambayo dhamana yake iliisha mwaka juzi imeshajieleza. Kisha ichomekwe kwenye kompyuta ya dukani, ifunguliwe programu ya CrystalDiskInfo, msome saa ilizowaka. Muuzaji mkweli hakatai kufanya hivyo.

Kuifunga ni kazi ya nusu saa, na mpwa wako mwenye mikono mitulivu anaiweza. Zimeni DVR kwa menyu, si kwa kuvuta waya. Chomoeni adapta, msubiri walau nusu dakika, kwa sababu sahani ya ndani inazunguka mara 5,400 au zaidi kwa dakika na haisimami papo hapo. Diski ikitikiswa bado inazunguka, hapo ndipo inapouawa. Toeni skrubu za mfuniko, za nyuma na za ubavuni, msukume mfuniko nyuma kidogo kabla ya kuuinua. Kabla ya kuchomoa chochote, pigeni picha kwa simu. Gusa bati la mashine kwanza ili umeme tuli wa mwilini utoke.

Skrubu nne zinazoshika diski ziko chini, upande wa tumbo la DVR, na hapa watu huangusha diski. Shikeni diski kwa mkono mmoja mkiwa mmeigeuza mashine, mlegeze zote nne, itoke taratibu. Ya kuingia iwekwe mahali palepale, bodi yake ya kijani ikitazama chini, skrubu zishikizwe kidogo zote kwanza, kisha zikazwe kwa kupishana kona kwa kona. Tumieni zilezile za zamani. Skrubu ndefu kuliko inavyotakiwa hupenya na kugusa ndani ya diski. Vichwa vya nyaya vina umbo la L na vinaingia kwa upande mmoja tu. Kikigoma kigeuzeni, msikilazimishe.

Washeni. Mashine italalamika kwamba diski haijatayarishwa, na sasa ndipo ile "Initialize" au "Format" niliyowakataza inapohitajika, kwa diski mpya peke yake. Thibitisheni kwa macho kwamba ukubwa unaoonyeshwa ni wa diski mpya kabla ya kukubali. TB 4 itasomeka kama GB 3,700 na kitu. Hujaibiwa, DVR inahesabu kwa 1,024 na kiwanda kinahesabu kwa 1,000. Ikimaliza, hali isomeke "Normal" na mlio ukome.

Kisha mambo matatu ya menyu ambayo fundi mwenye haraka huyaruka. "Overwrite" iwe imewashwa, la sivyo diski ikijaa DVR itasimama kurekodi. Saa iwe GMT+3 na dakika zilingane na simu yako. Na ratiba ya kurekodi ikaguliwe kamera moja moja, siku zote saba. Huwa nakuta kamera ya stoo imeachwa tupu kwa sababu iliongezwa baadaye. Baada ya robo saa fungueni "Playback" mtazame dakika tano za kila kamera. Kesho yake rudieni, mkichagua saa nane usiku.

Kuhusu mipangilio, usiwe na hofu. Nywila, majina ya kamera, intaneti na muunganisho wa simu vimehifadhiwa kwenye kumbukumbu ya bodi, si kwenye diski. Simu yako itaendelea kuona kamera kama kawaida. Kinachotoka na diski ni rekodi peke yake.

Hujaniambia DVR imewekwa wapi, lakini kwenye maduka mengi naikuta kwenye kabati la mbao lililofungwa kwa kufuli, juu karibu na bati, pamoja na mabegi ya plastiki na vumbi la saruji. Kuificha DVR ni sawa, kuibana hewa si sawa. Watengenezaji huandika kwamba diski inavumilia nyuzi 60 hadi 70, lakini ukitaka ikae miaka, isizidi 45. Namba 194 kwenye ukurasa ule wa S.M.A.R.T. ni joto la diski. Isome saa nane mchana mwezi wa kumi na mbili, si asubuhi. Toboa matundu nyuma ya kabati, ishushe kutoka darini, na kama duka lina saruji, puliza vumbi la feni kila baada ya miezi michache. Umeme ukikatika katikati ya kuandika nao huidhuru diski, tena hurudi kwa kishindo. UPS ndogo, yaani kifaa chenye betri kinachoendelea kutoa umeme unapokatika, inatosha kuishikilia DVR na kuilinda. Stabilaiza peke yake haina betri, kwa hiyo haisaidii umeme unapokatika.

Ombi moja kwa fundi wako: asizime mlio. Kwenye menyu kuna mahali pa kunyamazisha tahadhari, na wengi huzima siku ya kwanza ili mteja asisumbuliwe. Mlio huo ndio uliokuleta kwangu.

Diski ya zamani usiiuze wala usimwachie muuzaji, hata kama haiwaki. Ina sura za wateja na wafanyakazi wako, pengine na vidole vikibonyeza namba ya siri ya simu kaunta, na chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 wewe mwenye duka ndiye unayewajibika nazo. Iweke kabatini, imefungwa kwenye mfuko na kuandikwa tarehe, mpaka suala la nondo liishe. Likiisha, mpe mchomeleaji wa jirani aipitishe drili matundu matatu, yatoboe sahani za ndani kutoka upande mmoja mpaka wa pili, ukiwa umesimama hapo.